Upepo wa Soseji

Aliyefungua dirisha alikuwa Toza. Aliona moshi wa sigara umetanda juu ya meza kama shuka, akasimama, akazungusha kitasa, na kabla baridi ya Januari haijatia mguu ndani, meza nzima ikapiga kelele.

"Promaja! We Toza, unataka kutumaliza?"

"Na mlango wa ukumbini uko wazi! Upepo unapita katikati yetu!"

"Shingo yangu! Jamani, shingo yangu!"

Hapa Pirot, mji wa Serbia, mtu anaweza kunywa rakia, pombe kali ya matunda, kabla ya chai, akavuta sigara mpaka vidole vikageuka rangi, akapanda paa bila kamba, na hakuna atakayemuuliza kitu. Lakini upepo ukiingia dirishani ukatokea mlangoni, hiyo ndiyo promaja, na hiyo ndiyo inayoua. Inapindisha mdomo, inavimbisha figo, inang'oa meno. Kila nyumba ina shangazi aliyezikwa kwa sababu yake.

Bibi Stamena, mwenye nyumba, alilifunga dirisha kwa mkono wake mwenyewe, akakibana kitasa kana kwamba anamnyonga kuku. Kisha akamgeukia Toza, mdogo wake wa tumbo moja.

"Mzee mzima na mvi zako. Mama alikufunza nini?"

"Alinifunza kupumua, dada."

Watu wakacheka. Ilikuwa siku ya Mtakatifu Yohana, mlinzi wa ukoo wao. Mshumaa mrefu ulikuwa ukiwaka, mkate wa sikukuu umeshakatwa, ngano iliyochemshwa na sukari imeshaonjwa na kila aliyevuka kizingiti. Ranko, mwana wa Stamena, alikuwa akiwazungusha wageni chumba hadi chumba awaonyeshe madirisha. Aliyanunua kwa jasho la viangazi viwili vya kubeba matofali ugenini, na akayapachika mwenyewe.

"Gusa hapa pembeni. Gusa, usiogope! Unasikia baridi? Husikii. Hata treni ikipita, husikii. Zamani tulikuwa tunalala na kofia humu."

"Siku hizi tunalala kama mkate ndani ya tanuri," alidakia Stamena, naye akawa na fahari.

Neda, binti wa Ranko, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa akipitisha sahani ya soseji. Si soseji za dukani. Ni zile bapa, zilizokunjwa kama kiatu cha farasi, nyama isiyo na mafuta iliyokandwa kwa kitunguu saumu na pilipili, kisha ikasuguliwa kwa chupa tangu Novemba mpaka ikalala kama imepigwa pasi. Bibi Stamena alizitundika darini, na mtaa mzima ulikubali kwamba hakuna wa kumfikia.

"Siri ni nini, Stamena? Sema leo, kesho tunakufa."

"Hakuna siri. Si moshi, si moto. Upepo tu. Dari yangu ina vidirisha viwili vinavyotazamana, navyo havifungwi mpaka Pasaka."

"Basi tuunywee upepo!" alisema Toza.

Wakanyanyua glasi, wakausifu upepo, madirisha yote yakiwa yamefungwa na pumzi za watu zikitiririka kwenye vioo kama machozi.

Sahani ilianguka kabla glasi hazijashuka. Neda alikuwa amesimama mkono mmoja ukutani, mabega yamepanda mpaka masikioni, na kifuani mwake mlikuwa na sauti nyembamba kama birika linalokaribia kuchemka.

Kila mgeni akageuka mganga. Mpakeni mafuta ya nguruwe. Mpeni chai ya mlimani. Ni kijicho, mtoto mzuri hivi, nani kamtazama? Ni yule paka.

"Paka tumeshamwondoa," alisema Jagoda, mama yake Neda, akiwa amepiga magoti mbele ya mwanawe. "Yuko kwa mjomba Toza."

"Basi ni manyoya yake yaliyobaki," ilisema sauti ya kike kutoka upande wa saladi. "Jagoda, mwanangu, usinichukie. Chini ya vitanda huwa unafagia kweli?"

Jagoda alimnyanyua mtoto, akachukua ufunguo wa gari, kwa kuwa yeye peke yake katika nyumba ile hakuwa amegusa rakia, akatoka bila koti. Yule mwanamke wa saladi aliwahi kukimbilia mlango. Aliufunga haraka, upepo usipite.

*

Hospitalini walimvalisha Neda barakoa ya mvuke, na ile sauti ya birika ikashuka taratibu mpaka ikanyamaza. Alikaa huko siku chache, na zote alilala vizuri. Aliporudishwa nyumbani, kabla hata juma halijaisha, birika likaanza tena. Basi wakaitwa kwa kipimo cha mzio, na wakaenda wote wanne, maana Bibi Stamena alisema daktari aliyezaliwa juzi hawezi kuachiwa mjukuu wake peke yake.

Daktari Olivera hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipanga matone kwenye mkono wa Neda, kila tone na kitu chake, akachoma juu ya kila moja kwa ncha ndogo. Wakasubiri. Tone la paka lilikauka kama maji. Tone la vumbi likaacha wekundu kidogo. Tone moja la pembeni likainuka, likavimba, likawa kama mtoto ameguswa na upupu.

"Si paka," alisema daktari. "Ni ukungu. Kuvu."

"Kwa hiyo paka wangu Masizi anarudi?" Neda aliuliza.

"Nyamaza kwanza," alisema baba yake. "Kuvu gani, daktari? Ya uyoga?"

"Hiyo inayoota kwenye mkate uliosahaulika. Inayoota ukutani. Mbegu zake ni ndogo kuliko vumbi, ziko hewani kila mahali, hata humu tulimo. Mimi nazivuta, wewe unazivuta, hatujui. Mwili wa Neda unazipiga vita, na vita inapiganwa ndani ya mapafu yake. Nyumbani kuna ukungu?"

"Hakuna," alisema Ranko. Alifikiria madirisha yake.

"Nyumba yangu mimi?" alisema Stamena. "Njoo ule sakafuni, bila sahani."

Daktari alimtazama Jagoda. Jagoda aliitazama mikono yake.

"Hakuna," alisema.

Watu watatu wazima, na mtoto katikati yao akihangaika kuvuta hewa, walitoa jibu moja lisilo la kweli. Na mmoja tu kati yao ndiye aliyejua. Aibu ina nguvu hiyo. Inaweza kumfunga mama mdomo mbele ya mtu pekee anayeweza kumsaidia.

Daktari aliweka kalamu chini. "Sikuuliza kama nyumba ni chafu. Ukungu hauangalii usafi. Unataka unyevu na hewa iliyosimama, basi. Ukivipata kwenye jumba la kifalme, utaota huko. Nendeni mkatazame nyuma ya kila kitu kinachogusa ukuta wa baridi. Na fungueni madirisha kila siku."

"Wakati wa baridi?" Stamena alishika shingo yake.

"Hasa wakati wa baridi. Bibi, safari ile mliwahi kufika. Sitaki kusema zaidi mbele ya mtoto."

Akashika tena kalamu yake.

*

Ranko alisogeza kabati: safi. Akavuta jokofu: safi, ila soksi moja iliyopotea tangu mwaka jana. Akaingia chumba ambacho Neda alilala na bibi yake. Kamba ya nguo mbichi ilikatiza juu ya hita, kama kila nyumba wakati wa baridi. Akasimama mbele ya kitanda cha mtoto, kilichobanwa kwenye ukuta wa kaskazini, na juu ya kitanda, kutoka karibu na dari mpaka chini ya godoro, limetundikwa zulia jekundu.

"Mama," alisema. "Hili nalo."

"Hilo haliguswi."

"Daktari kasema kila kitu."

"Daktari hajui nani kalifuma." Stamena alikuwa ameshajipanga mbele ya zulia, mikono imetandazwa. "Mimi na marehemu dada yangu, mtambo mmoja wa kufumia, yeye kushoto, mimi kulia. Kasa hawa waliofumwa pembeni ni wake. Na ukuta ule ni barafu, Ranko, unajua ni barafu, ulikua ukiulamba! Zulia hili ndilo linalomkinga mtoto. Nikilitoa, atalala ameukumbatia ukuta. Mnataka kumuua ili kumfurahisha daktari?"

Jagoda alikuwa mlangoni na beseni la nguo. "Ranko," alisema taratibu. "Litoe."

"Na wewe kwenu mlikuwa na zulia gani?" Stamena alimgeukia. "Kwenu ukutani mlitundika kalenda tu!"

Ranko alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, akafanya kile ambacho wanaume wengi wa mji ule hufanya wakiwa katikati ya wanawake hao wawili.

"Tutaangalia kesho," alisema, akaenda kuvuta sigara.

Kesho yake hawakuangalia. Wala keshokutwa. Neda alianza kulala ameketi, amezungushiwa mito, na kipulizio chake cha pumu kikiwa kiganjani kama mwanasesere. Stamena, kwa huruma, akachomeka taulo chini ya dirisha, pale ambapo hapakuwa na upenyo hata wa unywele. Alimpenda mjukuu wake kuliko pumzi yake mwenyewe. Na kwa mapenzi hayohayo alikuwa akimzibia mtoto ya kwake.

*

Asubuhi ya Jumamosi Stamena alipanda darini na chupa yake tupu. Kundi la mwisho la soseji lilikuwa bado halijawa tayari. Alitandika ubao magotini, akashusha soseji moja, akaisugua kwa chupa, mbele na nyuma, uzito wa mwili wote ukiwa kwenye viganja. Akaigeuza. Akaitundika. Akachukua nyingine. Upepo wa mlimani uliingia kidirisha hiki ukatokea kile, ukachezea ncha za kitambaa chake cha kichwa, na yeye akawa anaimba kwa sauti ya puani yale maneno mama yake aliyomwachia:

*Nyama ipewe upepo, na ukuta isishike;*
*ikilala palofungwa, ndevu usinung'unike.*

Alipofika mwisho wa ufito, akanyamaza. Siku ya sikukuu Toza alipanda kuchukua soseji za wageni, na kwa uzembe wake akausukuma ufito mpaka soseji ya mwisho ikagusana na ukuta. Stamena aliibandua. Upande wa nje ulikuwa mwekundu, mkavu, mzuri. Upande uliolalia ukuta ulikuwa umeota ndevu, nyeupe zenye ukijani, laini kama manyoya ya kifaranga. Alipopuliza, vumbi likainuka likamwingia puani.

"Toza, Mungu akulaani, punda wewe!" alifoka peke yake. "Mtu mzima hajui kwamba haiegemezwi ukutani? Haifunikwi? Hainyimwi upepo? Hata mtoto mdogo…"

Akatega sikio.

Kutoka chini, kupitia mbao za dari, lilisikika birika. Neda alikuwa akisoma kwa sauti kitabu cha shule, na kati ya kila sentensi na nyingine, lile birika.

Stamena alikaa kitako. Kitambaa chake kilipepea. Ndipo akagundua mahali alipoketi: katikati kabisa, kati ya kidirisha na kidirisha, ndani ya promaja yenyewe, na shingo yake wazi. Alikuwa akiketi hapo kila msimu wa baridi tangu alipoolewa. Hakuwahi kupindika mdomo. Hakuwahi kung'oka meno ila yale aliyong'olewa na daktari.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Soseji nimezipa upepo."

*

Aliingia chumbani na ile soseji mkononi. Jagoda alikuwa akianua nguo. Neda alikuwa jikoni na kitabu chake.

"Funga mlango, mtoto asiingie," alisema Stamena. "Shika kitanda upande huo."

"Mama?"

"Shika, nimesema. Tukivute. Halafu panda juu ya kiti unifungulie zile ndoano, mimi sifiki."

Zulia lilishuka zito kuliko ilivyopasa, kama kitu kilicholowa. Nyuma yake, ukuta mweupe haukuwapo. Kuanzia mto mpaka mguu wa kitanda ulikuwa mweusi, madoa juu ya madoa, pembeni yake kijani, na harufu iliyotoka ilikuwa ya shimo la viazi. Mgongo wa zulia ulikuwa umeota manyoya yaleyale. Stamena aliinua soseji yake, akailinganisha na ukuta, kama mtu anayelinganisha rangi ya uzi dukani.

Jagoda alishuka kwenye kiti, akakaa sakafuni na kuanza kulia.

"Nilijua, mama. Oktoba niliona vidoa. Nikavisugua kwa siki, nikarudisha zulia. Daktari aliponiuliza, nilijua."

"Na ukanyamaza? Mtoto wako?"

"Niliogopa."

"Unamwogopa nani wewe?"

"Wewe. Niliogopa utasema sijui usafi."

Stamena alikuwa mwanamke mkali lakini hakuwa mwongo.

"Ningesema," alikiri. "Tena ningesema uani, watu wote wasikie. Na la kalenda ningelirudia." Alivuta pua. "Basi sikiliza. Mimi nimemlaza mtoto kwenye ukungu na kumwambia ni joto. Wewe umeuogopa mdomo wangu kuliko ukungu. Hii aibu ni kubwa, haiwezi kubebwa na mtu mmoja. Tugawane. Inuka, binti yangu."

Katika miaka yote tangu Jagoda avuke kizingiti kile amevaa shela, alikuwa ameitwa wewe, bibi harusi, na mke wa Ranko. Binti yangu hakuwahi kuitwa. Aliinuka.

Ranko alipotoka kazini aliwakuta wameziba pua na mdomo kwa vitambaa, wanakwangua plasta. Aliutazama ukuta. Kisha akayatazama madirisha, na uso wake ukaporomoka.

"Ni hayo," alisema. "Yale ya zamani yalikuwa yanavuja hewa. Nimetufungia ndani ya chupa."

"Madirisha ni mazuri, mwanangu," alisema mama yake. "Yana kitasa. Kitasa kinazunguka pande mbili. Sisi tulijifunza mmoja. Usisimame hapo, chukua kikwangulio."

*

Kazi ilipokuwa ikiendelea, Neda alikaa kwa babu Toza, na Masizi, yule paka mweusi aliyefukuzwa bure, akalala juu ya miguu yake. Toza alipiga simu asubuhi ya kwanza: "Hakuna birika! Mnasikia? Paka anakoroma, mtoto hakoromi!"

Ukuta ulikwanguliwa mpaka tofali, ukaachwa ukauke, ukapakwa chokaa. Kitanda kilihamishiwa upande wa ukumbini, mbali na baridi. Nguo mbichi zikapandishwa darini kuungana na soseji, na kwa muda mashati ya Ranko yakanukia kitunguu saumu kazini, akachekwa, akavumilia. Stamena alipolipiga zulia uani, nusu ya chini ilikatika mikononi mwake kama karatasi iliyolowa. Jagoda alitaka kusema pole. Stamena alikuwa ameshachukua mkasi. Aliokoa ukanda mmoja wa juu, wenye wale kasa wa dada yake, akaufua kwa maji moto, akaukausha darini, akaushonea kiti cha jikoni. Uliobaki aliuchoma.

"Dada yangu angelikata mapema kuliko mimi," alisema tu.

Kwa Daktari Olivera alipeleka soseji mbili zilizofungwa kwenye gazeti. Daktari alisema haruhusiwi kupokea zawadi. Stamena akasema hii si zawadi, ni jibu. "Uliniuliza kama nyumbani kuna ukungu. Ulikuwapo. Hizi hazikugusa ukuta." Daktari alicheka mpaka muuguzi akachungulia. Sababu ya kucheka aliielewa nusu tu, na nusu hiyo ilimtosha.

Usiku wa kwanza Neda aliporudi nyumbani, Jagoda alisimama nje ya mlango wa chumba, sikio kwenye ubao, kama alivyozoea. Hakusikia kitu. Alisimama akisikiliza hicho kitu ambacho hakikuwapo, na kukishukuru, mpaka miguu ikafa ganzi. Pumu haikuwa imekwisha. Kipulizio kilikuwa bado kando ya kitanda, na daktari alishawaambia kitakaa hapo. Lakini kilikuwa kimelala pale mezani, nje ya kiganja cha mtoto.

Na asubuhi, theluji ikiwa bado juu ya mapaa, Bibi Stamena aliingia chumbani amevaa koti lake la mazishi, kofia ya manyoya, na skafu mbili shingoni. Alipiga ishara ya msalaba. Akafungua dirisha wazi kabisa. Akaenda akafungua na mlango wa ukumbini. Kisha akasimama katikati, hapohapo penye njia ya upepo, kama askari wa zamu, akaanza kusali Baba Yetu, maana hiyo ndiyo saa aliyoiamini: Baba Yetu kumi, halafu dirisha lifungwe.

Toza alikuwa akipanda ngazi, Masizi kwapani.

"Promaja!" alipiga yowe. "Watu, njooni muone! Dada, uzee huo! Mama alikufunza nini?"

"Alinifunza soseji," alisema Stamena, bila kugeuka. "Ingia, na usifunge."

Paka aliruka, akapiga mbio mpaka kitandani, akazama chini ya blanketi. Pua ya Neda ilijitokeza, nyekundu kwa baridi.

"Bibi, funga basi! Naganda!"

Stamena alisikiliza sauti ile ilivyotoka safi, mfululizo, sentensi nzima kwa pumzi moja. Macho yalimlowa, akasingizia upepo.

"Tulia, soseji yangu," alisema. "Bado Baba Yetu mbili."